UZI: Manowari za 1896 hazikuiangusha Zanzibar, kiti kilishatoka mkononi toka ile barua ya 1844

Wakuu habari za mda huu. Kila tukigusa historia ya Zanzibar lazima mtu aulize, ingekuwaje Seyyid Khalid bin Barghash angeshinda ile asubuhi ya Agosti 27, 1896? Watu wanabishana hadi usiku wa manane, huyu anasema Zanzibar ingekuwa dola huru mpaka leo, yule anasema Wajerumani wangeichukua. Mimi hii ishu ya Al Busaid, ukoo wa masultani wa Zanzibar, naipenda sana na nimeisoma kwa miaka, na naomba leo nitetee hoja moja tu, kwamba 1896 ni swali dogo kuliko yote. Mlango halisi ulikuwa nyuma huko, na ulikuwa mlango wa urithi.

Tukubaliane kwanza namna ya kucheza. Kwenye historia mbadala unabadilisha kitu kimoja, tena kiwe kitu ambacho kweli kingeweza kwenda upande wa pili, halafu unafuata matokeo yake taratibu bila kuchomekea miujiza njiani. Ukishabadilisha mambo matano hizo tayari ni hadithi za Abunuwasi.

Haya tuimalize 1896 haraka. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Hamad bin Thuwaini, kafariki Agosti 25. Khalid, kijana wa kama miaka 22, siku hiyohiyo kaingia kasri, kajitangaza. Alikuwa na watu kama 2,800, mizinga kadhaa na meli moja ya zamani, Glasgow. Waingereza walikuwa na manowari tano bandarini. Wakampa mpaka saa tatu kamili asubuhi awe ametoka, saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza, na kabla ya saa nne kasoro robo kazi imeisha. Upande wa Khalid watu wapatao 500 walikufa au kujeruhiwa, Waingereza majeruhi mmoja. Khalid akapenya mpaka kwa konseli wa Kijerumani, Oktoba 2 akapitishwa baharini kupelekwa Dar es Salaam, akakaa huko mpaka Waingereza walipomkamata 1916, akahamishiwa St Helena na Shelisheli, mwisho akafia Mombasa 1927.

Sasa mpe ushindi. Sema zile meli zimechelewa wiki mbili. Halafu? Mkataba wa 1890 ulishasema Sultani ana haki ya kutaja mrithi lakini lazima Uingereza iridhie. Pwani ya Mrima Wajerumani walishainunua kwa marki milioni 4. Pwani ya Kenya iko chini ya Waingereza kwa kodi. Jeshi lenyewe aliyeliunda ni Mwingereza, Lloyd Mathews, na sasa ndiye waziri mkuu. Khalid angekalia nini? Angekalia kisiwa ambacho forodha yake, jeshi lake na bahari yake viko kwa watu wengine, halafu meli zingekuja tu mwezi unaofuata. Alikuwa na moyo mkubwa na namheshimu kwa hilo, lakini ile asubuhi haikuwa njia panda, njia ilishakatwa zamani.

Ilikatwa wapi? Hapa ndo nataka tukae.

Julai 1844 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliandika barua kwenda London kwa Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Ndani yake akasema akifa, mwanawe Khalid (Khalid bin Said, siyo yule wa 1896) atashika huku Afrika na mwanawe Thuwaini atashika Oman. Hilal, ambaye ndiye mkubwa wao, hakutajwa. Hilal alivyopata habari akasafiri mwenyewe mpaka London 1845 kwenda kulalamika. Hebu tulieni mtazame hiyo picha. Baba anaandikia serikali ya nje nani atamrithi, na mtoto anapanda meli kwenda serikali hiyohiyo kukata rufaa dhidi ya baba yake. Hakuna manowari hapo, hakuna mzinga, hakuna Mwingereza aliyeweka bastola mezani. Ukoo wenyewe umepeleka kesi ya nyumbani kwa jirani mwenye nguvu, na jirani akishajua kwamba kesi zenu zinaamuliwa kwake, hiyo kazi haiachi tena.

Mtu atasema lakini Said angefanyaje, Waarabu wa Oman hawakuwa na desturi ya mtoto wa kwanza kurithi. Ni kweli kabisa. Desturi ya Kiibadhi ilikuwa imamu achaguliwe, na kwa upande wa pili ilikuwa mwenye nguvu ndo anakaa. Said mwenyewe mwaka 1806 alikaa baada ya kumuua Badr bin Saif, ndugu yake wa ukoo, na uimamu hakuutaka, akabaki Seyyid. Kwa hiyo sheria ya urithi haikuwepo. Lakini kama kuna mtu aliyekuwa na uwezo wa kuitunga alikuwa yeye, na mda wake ulikuwa ni ule wa miaka ya 1840. Huyu ni mtu aliyeihamishia enzi yake Unguja kutoka Muscat, aliyejaza visiwa mikarafuu, aliyefunga mikataba ya biashara na Marekani 1833, Uingereza 1839 na Ufaransa 1844, aliyempa mfalme wa Uingereza manowari ya mizinga 74 kama zawadi mwaka 1836, ambaye meli yake Sultana ilitia nanga New York 1840. Heshima hiyo ya kuwaita masheikh wa makabila, ukoo wenye nguvu wa Al Harthi, ndugu zake wa Sohar na wanawe wote, wakae baraza moja, wampe baia (kiapo cha utii) mrithi mmoja mbele yake akiwa hai, alikuwa nayo. Hakuitumia. Akaandika barua.

Kwa hiyo scenario yangu namba moja ni hii: 1844 barua haiendi London, baraza linakaa Unguja.

Nitarudi hapo. Kwanza tupite usiku wa 1856 maana bila huo hamtaelewa kwa nini nalalamikia karatasi.

Khalid bin Said, yule aliyetajwa kwa Afrika, akafa 1854. Hilal alishakufa Aden 1851. Akabaki mwana mwingine, Majid, kuwa ndiye wa Unguja. Mwaka 1856 Said akawa Muscat, akaanza safari ya kurudi kwa meli ya Victoria, na Oktoba 19 akafariki karibu na Shelisheli. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuondoka aliagiza mbao zipakiwe, za jeneza, kana kwamba alijua. Maiti baharini huoshwa, husaliwa, huteremshwa majini, lakini aliyekuwa naye melini ni mwanawe Barghash, kijana wa miaka kama 19, na Barghash akasema mzee anarudi nyumbani.

Meli zikakaribia Unguja. Majid alishasikia kwamba baba yuko njiani, akatoka na chombo kwenda kumlaki baharini, wakapishana. Barghash akashuka usiku, kimya, maiti ikazikwa usiku huohuo, kisha akapeleka askari wakaizingira nyumba ya Majid. Nyumba haina mwenyewe. Akaenda Ngomeni akitaka akabidhiwe, jemadari wa Wabaluchi akakataa. Kulipokucha, Majid karudi na mpango umekwisha.

Hizi habari zimetoka ndani ya familia yenyewe, na mimi kila nikizisoma nasimama pale pale, Majid kutokuwepo nyumbani. Yaani hatma ya pwani nzima kuanzia Warsheikh mpaka Ruvuma ilining'inia kwenye chombo kimoja kilichotoka kumlaki mzee. Hii ndo njia panda ya kweli kwa kipimo changu, kitu kidogo, kingeweza kwenda popote.

Haya, Majid amelala nyumbani. Barghash anamkamata, jemadari anaona upepo umegeuka anafungua lango. Oktoba 1856 Barghash ni mtawala wa Zanzibar. Konseli wa Kiingereza, Hamerton, yupo lakini ni mgonjwa, alikufa Julai 1857. Na Uingereza iko wapi? Novemba 1856 imeingia vitani na Uajemi, manowari za Bombay zote macho yako Ghuba. Vita hiyo inaisha Aprili 1857, mwezi unaofuata India yenyewe inawaka moto, ule uasi mkubwa, hakuna afisa wa Kiingereza mwenye mda wa kufikiria nani kakalia kiti Unguja. Barghash angepata miaka miwili bila kuguswa. Miaka miwili ni mingi, unaoa, unagawa vyeo, unalipa Wabaluchi, unapatana na Al Harthi, mpaka mjumbe wa Kiingereza anarudi kuangalia anakuta mtu ameshakaa.

Ndo maana uasi wake wa 1859 siuhesabu kuwa njia panda kubwa japo una mambo mazito. Watu wengi wanaujua kwa ile kutoroka kwake. Majid kamzingira nyumbani kwake mjini, maji na chakula vimekatwa, dada zake Bi Khole na Bi Salme wakaja usiku na kundi la wanawake wamejifunika gubigubi, wakaomba ruhusa ya kumuona ndugu yao, walinzi wakaona aibu kuwazuia mabinti wa Seyyid Said, na walipotoka kundi lilikuwa limeongezeka mmoja mrefu, naye kajifunika vilevile. Wakampeleka shambani, shamba linaitwa Marseille, ambako Al Harthi walikuwa wanamsubiri. Bi Salme hapo ni msichana wa kama miaka 15 na ndiye aliyekuwa anaandika barua za siri za kundi lao.

Lakini 1859 siyo 1856. Konseli mpya Rigby yupo, ni mtu mkali, na meli za Kiingereza zipo. Mapema mwaka huohuo Thuwaini alipakia majeshi Muscat kuja kumng'oa Majid, akarudishwa na Waingereza njiani. Barghash naye askari wa manowari wakasaidia kumvunja, akajisalimisha, akapelekwa Bombay. Tofauti ya miaka mitatu tu, lakini dunia nyingine kabisa.

Baada ya hapo Lord Canning, mkuu wa serikali ya India, Aprili 1861 akatoa hukumu: Zanzibar na Oman ni nchi mbili, Majid huku, Thuwaini kule, na Majid amlipe Thuwaini riale 40,000 za Maria Theresa kila mwaka pamoja na malimbikizo ya miaka miwili. Watu husema Mwingereza aliigawa himaya ya Said. Ngojeni. Zile 40,000 hakuzitunga Canning, Majid alishakubali kumlipa kaka yake kiasi hichohicho kupitia mjumbe wa kifamilia, halafu akaacha kulipa. Na mgawanyo wenyewe ulikuwa kwenye barua ya baba mwaka 1844. Canning alichofanya ni kugonga mhuri na kuuchukua ule uwezo wa kugonga mhuri uwe wake. Tangu siku hiyo kila Sultani wa Zanzibar akifa, wa kwanza kuulizwa ni konseli.

Hesabuni wenyewe. 1870 Majid kafa, Barghash karithi kwa ridhaa ya konseli baada ya kubanwa kuhusu biashara ya utumwa. 1888, 1890, vilevile. 1893 Seyyid Ali kafa, Khalid bin Barghash kaingia kasri kwa mara ya kwanza, katolewa kwa maneno na vitisho, wakamweka Hamad bin Thuwaini. 1896 mara ya pili, katolewa kwa mizinga. Mizinga imekuja mwisho kabisa wa msafara.

*

Naona maswali yameanza kuja, ngoja nijibu machache.

Mdau mmoja kauliza kuhusu Wafaransa, kwamba kama Khalid bin Said angeishi baada ya 1854 basi Zanzibar ingekuwa ya Ufaransa. Hoja nzuri sana na nimefurahi imekuja. Khalid kweli alikuwa na mapenzi na Ufaransa, lile shamba linaitwa Marseille kwa sababu yake, ni lake yeye, halafu miaka mitano baada ya kufa kwake ndo Barghash akajificha humohumo. Na Wafaransa walikuwa na sababu ya kuitaka pwani hii, mashamba yao ya miwa Réunion yalikuwa yanahitaji watu na walikuwa wanawachukua huku kwa jina la vibarua wa mkataba, jambo lililowakera sana Waingereza. Ila mimi naona Khalid angefanya kile alichofanya baba yake, kuwapima Wafaransa na Waingereza mmoja kwa mwingine. Kilichotokea bila yeye ni kwamba mwaka 1862 London na Paris wakatangaza kwa pamoja kuheshimu uhuru wa Zanzibar na wa Muscat. Tangazo hilo linaonekana zuri kwa Zanzibar lakini limewaondolea masultani silaha yao kubwa, ushindani wa wageni. Kwa hiyo Khalid akiishi, faida siyo bendera ya Ufaransa. Faida ni kwamba konseli wa Kiingereza angebaki mmoja kati ya wawili. Na Mwingereza mwenye mshindani ana adabu zaidi.

Lakini angalieni, hata Khalid akiishi, Thuwaini bado yuko Oman na barua ya 1844 bado inasema nchi mbili. Ndo maana sikumchagua yeye kuwa scenario yangu. Kifo cha mtu mmoja kinabadilisha jina la anayekaa. Kanuni inabadilisha nani anaamua.

Mwingine kaandika kwa ukali kidogo, kwamba hizi zote ni habari za watawala waliotajirika kwa utumwa, tunawalilia ya nini. Ndugu yangu umesema kweli na sitaki ipite kimya. Karafuu zile zilipandwa na kuchumwa na watumwa, misafara ya bara ilirudi na minyororo, na soko lao mjini Unguja lilifungwa 1873 tu, Juni 5, baada ya konseli wa Kiingereza, Kirk, kumtishia Barghash kwamba kisiwa kitazingirwa. Hakuna scenario hata moja ya kwangu ambayo dola hii inabaki nzuri. Tena nadhani dola moja yenye nguvu, Muscat na Unguja pamoja, ingeishikilia biashara hiyo kwa miaka mingi zaidi, na gharama yake wangeilipa watu wa bara, Wayao, Wanyasa, Wamanyema. Mimi siandiki kutamani. Naandika kwa sababu mipaka tunayoishi ndani yake leo ilitoka kwenye vyumba hivyo, na ni haki yetu kujua ilitokaje.

*

Sasa mipaka. Hapa ndo patamu.

Mwaka 1877 Barghash, akiwa Sultani, alimpa tajiri wa meli William Mackinnon ofa ya kukodi bara yote kwa miaka 70, forodha na utawala. Barghash hakuwa mjinga, alishaona Khedive Ismail wa Misri akituma meli mpaka Barawa na Kismayu 1875, akajua bara isiyo na askari wake ni mali isiyo na mlango. Mazungumzo yakavunjika 1878, serikali ya London haikuonyesha hamu. Miaka sita baadaye, Novemba 1884, Mjerumani Karl Peters na wenzake wanashuka Unguja, wanavuka kwenda Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, wanakusanya mikataba ya karatasi kwa wiki chache, na Februari 27, 1885 Kaiser anaipa baraka. Barghash anapeleka simu ya maandishi Berlin kulalamika, anamtuma Mathews Kilimanjaro kupandisha bendera nyekundu kwa Wachagga. Agosti manowari za Kijerumani zinatia nanga mbele ya kasri, na ndani ya mojawapo ya meli zao yupo dada yake, Bi Salme, yule msichana wa barua za siri, sasa ni mjane wa Mjerumani na amekuja kudai urithi wake.

Hilo la Bi Salme watu hulipitia kama tukio la kusikitisha la kifamilia. Mimi naliona ndiyo hoja yangu imesimama kwa miguu miwili. Mwaka 1845 Hilal kaenda London kudai haki yake ya mtoto, 1885 dada yao kaja na Berlin kudai haki yake ya mtoto. Miaka 40 na ukoo bado hauna mahali pa ndani pa kumaliza jambo lake.

Sasa turudi kwenye baraza la 1844, nilisema nitarudi. Said kamtaja mrithi mmoja, masheikh wamempa baia, na zaidi ya jina wamekubaliana kanuni, tuseme mkubwa anayefaa kati ya wana, akitangulia kufa anafuata nduguye. Kanuni ni ya muhimu kwa sababu tunajua Hilal alikufa 1851 na Khalid 1854, wote kabla ya baba, jina peke yake lisingetosha. Mwaka 1856 kwa kanuni hiyo kiti kinakwenda kwa Thuwaini, pande zote mbili. Majid anabaki naibu wake Unguja, kama Khalid alivyokuwa naibu wa baba. Barghash hana nyumba ya kuzingira maana anayerithi yuko Muscat na majeshi. 1859 hakuna safari ya kivita ya ndugu kwa ndugu, 1861 hakuna hukumu ya Canning kwa sababu hakuna kesi.

Je, himaya ingedumu? Hapo nawaomba msinibebeshe ndoto. Thuwaini alikuja kuuawa 1866 na mwanawe mwenyewe, Salim, huko Sohar, na shida za Oman ya ndani zisingeisha kwa baraza moja. Mfereji wa Suez ungefunguliwa 1869 vilevile, meli za moshi zingeua biashara ya majahazi vilevile, kimbunga cha Aprili 1872 kingeng'oa mikarafuu ya Unguja vilevile. Makadirio yangu ni kwamba mpaka miaka ya 1870 sehemu mbili zingeachana zenyewe. Ila zingeachana kwa makubaliano ya nyumbani, na Zanzibar ingeingia miaka ya 1880 ikiwa na jambo moja ambalo haikuwa nalo, Sultani ambaye kiti chake hakidaiwi na konseli. Barghash halisi alipoambiwa na Kirk mwaka 1885 kwamba London haitamsaidia dhidi ya Bismarck hakuwa na pa kwenda, maana miaka 24 mlinzi wa kiti alikuwa mmoja tu. Sultani mwenye Mfaransa upande huu na Mwingereza upande ule na Mackinnon aliyekodi bara tangu 1877 angekuwa na la kusema mezani. Peters angefika Usagara akakuta bendera na kampuni.

Na hapo Afrika Mashariki ya Kijerumani inakuwa ngumu kuzaliwa. Ule mstari wa Novemba 1886 kutoka Umba mpaka ziwa Victoria, unaopinda Kilimanjaro, hauna sababu ya kuchorwa. Bara ingekuwa ya kampuni ya Kiingereza chini ya jina la Sultani, kitu kimoja kirefu kuanzia Lamu mpaka Ruvuma. Abushiri angeweza kupigana vilevile, tena nadhani angepigana, maana watu wa Pangani 1888 walichokataa ni wageni kushika forodha zao na kushusha bendera yao, rangi ya kampuni isingewapa faraja. Lakini angepigana na kampuni iliyokuwa inaogopa hasara, siyo na Wissmann, kamanda wa Kijerumani. Nauliza wanahistoria wa hapa, Wamasai, Wakuria, Wadigo, wangekuwa nchi moja?

*

Kuna aliyesema Barghash wa 1856 ndo bora, atawale miaka 32 badala ya 18, angejenga kuliko. Mkuu hapo kuna mtego mzuri. Yule Barghash tunayempenda, aliyeleta maji safi ya mabomba mjini, aliyejenga Beit al-Ajaib 1883, aliyeleta kiwanda cha kuchapa vitabu na meli za moshi, ni Barghash aliyetoka Bombay. Alipelekwa kule kama mfungwa akaona mji wa bandari unavyoendeshwa. Ukimpa kiti akiwa na miaka 19 unampata kijana anayeegemea Al Harthi, shupavu, mkali, ambaye hajaona bomba wala treni. Kushindwa kwake ndiko kulikomtengeneza. Kwa hiyo unachagua, uhuru wa kiti au Barghash wa maji, vyote viwili kwa pamoja hupati.

1963 wameiuliza wengi, nitasema kwa kifupi kwa sababu inahitaji uzi wake. Julai 1963 chama cha ASP (Afro-Shirazi) walipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 kati ya 31, serikali ikaundwa na vyama vya ZNP na ZPPP, uhuru Desemba 10, mapinduzi Januari 12, 1964, Seyyid Jamshid akaondoka akiwa na miezi sita tu kwenye kiti. Kama viti vingefuata kura, serikali ya uhuru ingekuwa ya ASP na hasira ya Januari isingekuwa na kuni zile. Kiti cha Sultani kingebaki? Miaka michache labda, kisha kura ya maoni. Lakini mwone tena urithi ulipofikia, wakati huo Sultani hata asingeweza kuwa mwamuzi kati ya vyama, maana tangu 1861 ukoo wake ulishazoea kwamba mwamuzi ni mwingine.

Na aliyeuliza kama kuna nasaba iliyowahi kujirekebisha kwa wakati, zipo. Waingereza wenyewe mwaka 1701 waliandika sheria ya bunge nani anarithi na nani hawezi, baada ya kumkimbiza mfalme mmoja na kubaki hawana watoto wa kurithi. Waothmani kuanzia 1617 waliacha mtindo wa mrithi kuwaua ndugu zake wakaanza kumpa kiti mkubwa wa ukoo. Na ukoo huuhuu wa Al Busaid, tawi la Muscat, mwezi Januari 2021 Sultan Haitham alitoa sheria ya msingi mpya inayosema kiti kinakwenda kwa mtoto wa kiume mkubwa. Miaka 177 baada ya barua ya babu yao.

Sasa nawaachia lingine maana najua wapo watakaonipinga kwa haki. Wapo wanaoona mlango halisi ni 1873 na siyo 1844, kwamba Barghash angekataa kusaini mbele ya Kirk, akaacha kisiwa kizingirwe, Wafaransa na Wamarekani wenye maduka yao mjini wangepiga kelele na Uingereza ingelegea. Mimi naona isingelegea, mikarafuu ya Unguja ilikuwa imelala chini tangu kimbunga cha mwaka uliotangulia na hazina haikuwa na pumzi ya miezi mitatu. Mwenye hoja ya upande huo aje nayo, na aanze na Pemba, kwa sababu karafuu za Pemba zilisalimika na hapo ndipo mtu anaweza kunishinda.